Vibati Vilivyolala

Chamgei, Chebet mjukuu wangu, pokea salamu. Huku tu wazima, ila mimi situlii. Ng'ombe anakaribia kuzaa na kila nikiandika mstari naamka kumwangalia.

Umeuliza mbona kile kiyoyozi ulichoosha kwa maji ya nguvu hakipoezi tena, na hakuna chuma kilichopotea. Nilipokuwa kijana kiwandani hapa Kericho, hewa ya kunyausha majani ya chai ilipashwa moto na mabomba yenye vibati vingi, vyembamba kama kurasa za Biblia. Mvua ya mchana ikitulowesha, tulianika makoti juu yake. Siku moja majani yakakataa kunyauka. Tukaongeza kuni, tukakimbia huku na huku, wapi! Fundi akainua makoti. "Mmelaza vibati. Sasa hewa ipite wapi?" Tukavinyoosha kimoja kimoja kwa kisu, na majani yakanyauka.

Chuma kilikuwa kilekile. Kilichokosekana ni nafasi katikati. Basi vibati vya kiyoyozi chako, vilivyolazwa na maji, navyo vinyooshe polepole.

Mama yako anasema siku hizi unafanya kazi hata Jumapili, na simu hushiki.

Ngoja, ng'ombe analia.

Nimerudi. Ni ndama jike, amesimama tayari. Wote hapa wanataka kumpa jina; nimewakataza. Nafasi hiyo nimekuwekea wewe.

Kugo, babu yako.