Vimto kwenye glasi ya Dativa

Msafiri, nimemharibia Dativa.

Wiki tatu anakariri mambo ya mvinyo kwenye basi la Matrah, hapa Maskati. Leo meneja kamjaribu kwa kumwonjesha mvinyo; akifaulu, aache kufagia vyumba, awe mhudumu wa mgahawa hapa hotelini. Mimi nikabadilisha glasi yake kwa siri, nikaweka Vimto, ile soda nyekundu kama mvinyo. Nilitaka tucheke tu.

Kaonja, kasema taratibu: "Huu wa Rioja, kaskazini mwa Hispania. Zabibu za tempranillo, umekaa kwenye mapipa ya mwaloni."

Vimto, Msafiri. Vimto.

Meneja kaonja glasi ileile. "Rudi vyumbani."

Nikamfuata Dativa ili nikiri. Kaniwahi: "Nilijua ni Vimto, kaka Simoni. Nilidhani bosi kakosea kumimina. Ningemuumbuaje mbele za watu?"

Nikashindwa kusema ni mimi.

Kaniuliza, watamjaribu tena? Nimemwambia ndiyo.