Nilichemsha Nyuzi Zako

Shemeji Maganga,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza kukuandikia bila shikamoo mkono unagoma. Ulikuwa ukinijibu, "Marahaba, mwizi wangu," kwa sababu ulidai nilikuja kwako kuiba kazi. Kweli niliiba, tena nikaiba vibaya.

Nina jambo la kukiri na sitalizungusha. Nilichemsha nyuzi zako za besi. Zile nyuzi bapa ulizozifunga kwenye gitaa ulipoacha mambo ya baa ukarudi Didia kulima pamba, ukakataa kuzibadilisha mpaka ukafa. Nilizitia kwenye sufuria ya dada, nikachochea moto, nikasimama pale nikizitazama zinavyochemka kama makande. Kwa kuziona tu nilijisikia fundi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tangu tulipokuzika, dada Mbuke hakuimba tena. Mkeo, yule yule aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kanisani, aliyekuwa akiimba hata akipepeta mtama, alinyamaza karibu mwaka mzima. Kwaya haendi, jikoni kimya. Wenzake walikuja kumbembeleza, padri naye akaja, wote akawapa jibu moja: "Nilikuwa nasimama juu ya besi ya mume wangu. Sasa nisimame wapi?" Mimi mdogo wake, niliyefundishwa besi na mume huyo huyo, nilikuwa pale pale nikisikia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufanye misa yako ya mwaka. Nikajiapiza kwamba siku hiyo dada atasikia besi ya Maganga, ile ile, na atafungua mdomo.

Besi ya Maganga! Nani Didia nzima asiyeijua? Ilikuwa nene, fupi, haina makelele. Ukigonga uzi ule mnene, mabenchi ya kanisa yalikuwa yanajibu kabla ya watu.

Nakumbuka nilivyokukuta Rwamgasa. Mimi nilikwenda kuchimba dhahabu, kijana wa miaka ishirini mwenye tamaa na sururu mpya, nikatoka na vumbi tu. Wewe ulikuwa unapiga kwenye baa moja karibu na karasha, zile mashine za kusagia mawe, ambazo kelele yake haikomi mchana kutwa. Ulikuwa umefunga nyuzi za mkwaruzo, ambazo waya wake wa nje ni wa mviringo, ukiteleza kidole zinalia kwiii. Nikakuuliza kwa nini usifunge zenye sauti tamu. Ulinicheka! "Bhebhe, wewe kijana, hapa besi lazima iwe na meno, la sivyo karasha zitaimeza." Jioni wachimbaji wakitoka duarani, kwenye mashimo yao, walikuwa wanasimama mbele ya spika wameshika vifua, wanacheka.

Kisha tukahamia Isaka, kwenye baa ya madereva wa malori. Huko nilidhani utaongeza unene wa nyuzi, ukapunguza. Sikuelewa mpaka malori matatu yalipowashwa kwa pamoja, na mngurumo wake ukajaza sauti zote za chini. Ulisema kushindana na lori kwa uzito ni ujinga, afadhali upande juu kidogo ukae mahali ambapo lenyewe halipo. Na hapa Didia, kanisa lenye bati tupu bila dari, ndipo ukafunga bapa, zile ambazo waya wake wa nje umelazwa kama utepe. Bati hurudisha kila mkwaruzo mara mbili, ulisema, na watu wamekuja kusali, hawakuja kusikiliza vidole vyako.

Hiyo ndiyo elimu yako yote, shemeji. Kwanza mahali, halafu wimbo, halafu vidole vyako mwenyewe. Dukani unakwenda mwisho, tena unakwenda unajua unachotaka. Wenzangu mpaka leo wanaanzia dukani, wanachukua zinazong'aa.

Na meno je? Umekumbuka? Umeme ukikatika ulikuwa unaning'atisha pembe ya gitaa. "Ng'ata hapa, ziba masikio, gonga." Nilipogonga, sauti ilipanda kwenye meno ikaingia kichwani, nzito kuliko ya spika yoyote. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kutofautisha uzi uliokufa na uzi uliotulia. Wapita njia walikuwa wanatuona mtu mzima na shemeji yake wanatafuna gitaa. Alama zipo mpaka leo, zako pana, zangu zimepinda.

Sasa kosa langu lilitoka kwenye mafundisho yako mwenyewe, usinikatalie. Rwamgasa nyuzi mpya zilikuwa shida, kwa hiyo kila zikififia ulikuwa unazivua, unazichemsha, unazianika juani, zinarudi kulia kama kengele. Nilikuona ukifanya hivyo mara nyingi mno. Basi nilipotaka kukuheshimu kwa ajili ya misa, nikasema nitengeneze gitaa lako vizuri. Nikalifuta vumbi, nikalipaka mafuta ubao, nikavua nyuzi nikachemsha. Sikujiuliza hata dakika moja. Nilisahau kwamba zile za Rwamgasa ulitaka zilie, na hizi za Didia ulitaka zinyamaze. Uzito wake wote ulikuwa ndani ya ule uchafu wa vidole vyako.

Maji yaligeuka rangi ya chai. Juu yake yakaelea mafuta mafuta. Nikayabeba nikaenda kuyamwaga kwenye shina la mpapai nyuma ya jiko, napiga mluzi. Mluzi, shemeji! Kisha nikazifunga tena. Ule mwembamba ukakatika funguoni palepale. Nikaliunganisha gitaa na nyuzi tatu zilizobaki kwenye amplifaya ya kwaya, nikagonga. Ting. Kitu chepesi, kitu cha bati, kama kijiko kimeanguka. Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Jasho la vidole vyako, la Jumapili zote zile, mimi nimelimwagia mpapai. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto wawili, na jirani akachungulia akadhani umekufa mara ya pili. Kwangu ilikuwa hivyo.

Sikumwambia dada. Nikapanda basi kutafuta bapa. Shinyanga mjini wana nyuzi za gitaa la solo tu. Kahama hakuna. Geita nikampata muuzaji anayejua mambo, akanionyesha nyeusi zilizovikwa nailoni, nikaziminya, laini mno kwa vidole vyangu vya kushika spana za pikipiki. Bapa hakuwa nazo. Nikachukua za mkwaruzo, za nikeli, ambazo ukali wake ni mdogo kuliko zile za chuma kitupu, unene wa kati. Uliponifundisha kuchagua hukunifundisha kuchagua nikiwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu tupu.

Haya, cheka sasa. Nilifika nyumbani nikaanza kuzizeesha. Nikakata kipande cha godoro nikakichomeka chini ya nyuzi, karibu na zinapofungiwa, ili zisilie muda mrefu. Hicho kilisaidia kidogo. Lakini mkwaruzo ukabaki. Nikawaza: nyuzi zako ziliingia mafuta ya vidole kidogo kidogo kwa miaka, mimi nina siku tano. Nikaenda kwenye kibuyu cha samli. Ndiyo, samli ya ng'ombe. Nikazipaka nyuzi mpya samli, juu mpaka chini, nikazisugua kwa majivu kidogo ili ishike. Paka wa jirani akakaa mlangoni siku nzima. Nilipopiga, vidole viliteleza mpaka nikakosa nyimbo ninazozijua tangu ujana.

Nikaenda na gitaa hivyo hivyo kwenye mazoezi. Nilimwomba dada aje asikilize tu, asiimbe. Alikuja, akakaa benchi la nyuma, kitenge amejifunika mpaka kidevuni. Tukaanza ule wimbo wa sadaka uliokuwa unaupenda. Nilipiga kama wewe. Nilikaa kama wewe, nikainamisha kichwa kama wewe, hata kukohoa kule kwako kabla ya kiitikio nilikohoa. Nikaona dada anasimama. Nikadhani besi yako imemfikia.

Akaja moja kwa moja mpaka mbele. Akainama. Akanusa. "Shija, hii ni samli?" Nikasema ndiyo. Akachomoa kile kipande cha godoro kwa vidole viwili, akakitazama, akaanza kucheka. Alicheka, shemeji, kicheko kile chake cha kujishika mbavu, ambacho hatukukisikia tangu msiba. Katikati ya kicheko kikageuka kilio. Hapo hapo mbele ya watu wote nikamwambia kila kitu, sufuria, mpapai, basi la Geita, yote. Nilitegemea anipige.

Akajifuta uso kwa kitenge. Akasema, "Mume wangu nimemzika kwa mikono yangu. Usinirudishie nusu yake." Halafu akaniambia niende nikanawe mikono, nifute na huo uchafu kwenye nyuzi, nipige yangu. Nikamwuliza, na kama haitakufaa? Akasema, "Itanifaa au haitanifaa, lakini nitajua nani anapiga."

Nilizifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, uzi mmoja mmoja. Siku ya misa nikapiga vile vidole vyangu vinavyojua. Zililia, kwiii nyingine ikatoka katikati ya wimbo na padri akageuza shingo. Ilikuwa besi ya mtu mwingine kabisa, na nadhani hukuipenda. Ubeti wa kwanza dada hakuimba. Wa pili hakuimba. Nilikuwa naogopa hata kumtazama. Wa tatu akaingia. Aliingia kabla ya wakati, juu mno, sauti imekauka kwa kukaa bure, na kwaya nzima ikabidi imfuate alipo. Mimi nilimkimbilia kwa vidole vyote vinne. Sijawahi kupiga hivyo maishani mwangu.

Nisamehe nyuzi. Zile tatu za zamani dada amezichukua. Aliniambia hataki ziwekwe ukutani kama picha, akazifungia mlango wa banda la kuku, na zinafunga vizuri kuliko kufuli.

Wabeja, shemeji, kwa yote uliyonipa, hata yale niliyoyaharibu. Sauti yako nimeacha kuitafuta. Nakuahidi jambo moja tu, kwamba kila Jumapili nitakuwepo mahali pangu, na dada akianza juu nitampandia, akianza chini nitamshukia, sitamwacha aimbe peke yake. Pumzika bila wasiwasi.

Sasa hivi yuko uani anaanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa. Ameanza wimbo juu mno na hatafika nao mwisho. Simwambii.

Mwizi wako,
Shija