Kulwa na Doto Ndani ya Hamira

Kwa pacha wangu Kulwa,

Shikamoo dada, kwa zile dakika ulizonitangulia duniani. Itikia marahaba hapo Urambo, usinune. Mama anaendeleaje na nyonga yake? Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila baridi imenipasua midomo mpaka kucheka napata shida.

Mdogo wetu Shija ameniambia jambo ulilonificha: umepata nafasi chuo cha uuguzi Tabora, na unataka kuwajibu kwamba huendi, kisa mama hana wa kubaki naye. Nilinuna siku nzima. Halafu nikaona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Unakumbuka mama alivyocheka aliposikia nimepanda ndege kuja kuchunguza hamira? Basi hamira ina mambo. Kila kiumbe kina jeni, yaani maelekezo ya kazi za mwili wake. Zamani sana jeni moja ya hamira ilinakiliwa kwa bahati tu, zikawa mbili zinazofanana. Moja ikaendelea na kazi ya siku zote. Nyingine, kwa kuwa kazi ya nyumbani ilishapata mwenyewe, ikabadilika kidogo kidogo, vizazi na vizazi, mpaka ikajua kazi mpya: kula sukari ambayo hamira haikuiweza. Ndivyo jeni nyingi mpya zinavyozaliwa. Nikaziita Kulwa na Doto, ningeziitaje tena? Sasa profesa wangu, mzee wa Kijerumani, kila akiingia maabara anauliza, "Kulwa hajambo?"

Nilivyo na majivuno, kutwa nilikuwa na huyo Doto. Nilipomtoa, hamira iliishi, ikakosa tu ile sukari. Mwezi uliopita nikamtoa Kulwa, nikiamini Doto ataishika kazi yake, si walikuwa kitu kimoja? Nikakuta hamira yote imekufa. Wenzangu walifurahi, maana lilikuwa jibu zuri. Na mimi nilifurahi, kisha nikaenda chooni nikalia, nikikuona wewe unakausha tumbaku ndani ya kile kibanda cha bani, moshi machoni, ili mimi niwe huku.

Lakini jeni haziwezi kupokezana zamu, Kulwa. Sisi tunaweza. Kazi ya maabara imekwisha, kilichobaki ni kuandika, na profesa amekubali niandikie nyumbani. Tiketi ninayo, nitafika kabla chuo hakijafungua. Mama nitampikia na kumwogesha mimi. Tumbaku utanielekeza kabla hujaondoka, na nikiunguza majani mtanicheka, sawa tu.

Nisalimie Shija aliyetufuata sisi mapacha, mdomo wake mwepesi leo umefaa. Baba mdogo, mzee wa kanisa, aniombee safari. Shangazi wa Bukene akija na mchele, anibakizie. Mama mpe shikamoo yangu, umwambie nina furaha hata kula nasahau.

Chuo wajibu leo hii kwamba unakwenda.

Ni mimi pacha wako,
Doto