Mstari wa Bute Katika Orodha ya Lugha

Bulla Iftin, Garissa.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Kadar,

Nakusihi, haya yabaki kifuani mwako. Hata mama asiyasikie mpaka Alhamisi ipite. Assalaam aleikum. U mzima huko Fiji? Kifua hakikusumbui tena? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi usingizi umenihama.

Ofisi yetu inaandaa orodha ya lugha, na vitabu vya chekechea vitachapishwa kwa kuifuata. Watu wa Bute tumewekwa mstari mmoja na wasemao Kisomali, kwa kuwa ukoo wetu ni wa Kisomali. Lakini nyumbani kwetu ni Kiborana, unajua.

Nilipomwambia mkubwa wetu, alicheka. "Wewe Shukri, kwenu tano si shan? Kwa Wasomali pia shan. Unataka ushahidi gani tena, Profesa?" Sasa hata mpika chai ananiita Profesa.

Nikakumbuka barua yako ya lugha za visiwani. Tano ni lima Fiji, ni lima Samoa, na bado neno hilo peke yake halionyeshi nani ni dada wa nani, maana wote wamelirithi kwa bibi mmoja wa kale. Dada hujulikana kwa yale waliyoyabadilisha pamoja baada ya kuachana na wengine. Shan yetu nayo ni ya bibi.

Basi nilimrekodi mama mmoja wa Bute, Barwaqo, maneno mia mbili, nikayapanga kama ulivyonifundisha. Tunasimama na Waoromo, ambao Kiborana ni tawi la lugha yao. Wasomali ni binamu.

Weris, binti wa dada yangu, ana miaka sita. Alionyeshwa picha ya nyama katika kitabu cha majaribio, akasema foon. Mwalimu alitaka hilib, la Kisomali. Mtoto akaandikiwa "mzito wa kuelewa".

Naogopa, Mjomba. Mkataba wangu unaisha Agosti, na wapo watakaosema naugawa ukoo. Siugawi. Ukoo ni wetu, na lugha ni yetu. Kesho saa mbili asubuhi naipeleka kwa mkubwa orodha yenye mstari wetu wenyewe, na Alhamisi ndiyo siku ya kuipitisha. Nimeshaitia sahihi, jina kamili.

Msalimie sana shangazi Anab na Bishar. Mola awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa mbali,
Shukri Isacko

Usipige simu ya ofisi. Mpigie Hinda, yule muuza maziwa wa Modogashe; yeye atajua nilipo. Wakinifukuza, nitafute Bute kwa mama Barwaqo. Nitakuwa naandika neno la mia mbili na moja.