Gunia la Byabato

Koku, hebu sikia. Nimetoka kumpelekea bibi Celina biskuti za dukani Bakoba, zimeandikwa "hazina ngano". Amezisukuma pembeni.

Unajua siliaki yake, ule ugonjwa wa tumbo kukataa ngano; kidogo tu inamlaza. Sasa mwaka 1974, kijiji cha ujamaa kule Kimwani, migomba imekauka, ndizi hakuna, ikabidi ale ugali, akauliza dukani kama unga una ngano. Byabato muuzaji akamwonyesha gunia: "Limeandikwa mahindi. Unabishana na gunia?"

Unabishana na gunia, Koku.

Kumbe panya walitoboa gunia la unga wa ngano, naye Byabato akamimina uliobaki humo humo kwenye la mahindi.

Bibi akaugua wiki tatu, tumbo halishiki kitu. Byabato akaja kumpa pole, mwanamume mzima, kofia mkononi:

"Mama, tumelikagua lile gunia. Bado limeandikwa mahindi."