Roki Kwenye Maulidi ya Tumbe

Wete, Pemba
20 Februari 1997

Kwa mpwa wangu Muhannad,

Asalaam alaykum. Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Hapa Pemba siku hizi za vyama vingi hakuna chama, kiwe kinatawala kiwe kinapinga, kinachoweza kusema neno likasikika bila ya mie. Nnakwambia kweli. Wakubwa wanakuja na magari yao na hasira zao, lakini mpaka Humoud agonge maikrofoni aseme "moja, mbili", wote mabubu. Spika nnazo nane. Jumamosi hawa, Jumapili wale. Watu hawazikani tena, hawaozani, kisa vyama, lakini mie pande zote wananiita Maalim Spika, na kiti wananitolea.

Haya, hujambo mwanangu? Hajambo mama'ko, dada yangu Fakhriya? Kifua cha baba'ko kimepoa? Sie wazima, Idd tumeila kwa amani. Bibi yako Bi Buthaina anaumwa na magoti tu, ulimi haujapata maradhi.

Mama'ko kanambia unapenda muziki wa Kizungu, huo roki wa makelele, na huko Maskati huna wa kuzungumza naye. Loo! Mtoto anakufa kiu na mjomba'ke kisima! Mwaka sabini na tatu, Mombasa, nilipiga gita hotelini, Mjarumani mmoja akazirai. Kupelekwa hospitali, kuzinduka, neno lake la mwanzo: "Humoud yuko wapi?" Basi nitumie kaseti zako, nikupimie. Abrahman anakuja huku na biashara zake kila baada ya miezi miwili, mpe yeye.

Mjomba'ko,
Humoud

*

Ruwi, Maskati
2 Aprili 1997

Shikamoo mjomba,

Asalaam alaykum. Natumai uko mzima na Bibi magoti yamepungua. Sisi sote hatujambo, baba anakusalimu, mama anasema usimwamini mtu akikwambia nimekonda.

Mjomba, sikujua kama ulipiga gita! Nimefurahi hata nikashindwa kulala. Nakutumia albamu mpya ya bendi ya Marlow Pit, ni ya tatu yao. Magazeti yanasema ndiyo bora. Mimi naona hapana. Ina nyimbo kumi na moja, nne tu ndizo zilizopikwa, zilizobaki zimepashwa moto. Mpiga gita anakwenda mbio ili usigundue kuwa hana la kusema. Na mwimbaji, albamu ya kwanza alikuwa anapiga kelele kwa kuwa ameumia. Sasa anapiga kelele kwa kuwa watu wamezoea. Lakini wimbo wa mwisho upande wa kwanza, ule sikia hadi mwisho. Pale walikuwa wakweli.

Skuli wananicheka. Baba anasema ni gari bovu linapanda mlima. Si vibaya kama hawapendi, mjomba, lakini hakuna hata mmoja aliyesikiliza kwanza. Ndiyo maana nakuomba: sikiliza, halafu niambie kweli, hata kama ni mbaya. Nataka mtu mmoja tu wa kuniambia kweli.

Na baba amesema nikifaulu mitihani nitakuja Pemba Agosti, mwezi mzima. Tutasikiliza pamoja kwenye spika zako.

Mpwa wako,
Muhannad

*

Wete
11 Mei 1997

Mpwa wangu Muhannad,

Salamu kochokocho. Hamjambo nyote? Sie hatujambo, mvua za masika zimekula njia, karafuu zinaahidi.

Kaseti nimeipata, nimeisikiliza kitaalamu. Maoni yangu: nyimbo nne zimepikwa, zilizobaki zimepashwa moto. Mpiga gita mwepesi mno, sisi Mombasa tungemrudisha kwao. Lakini yule wa zumari nimemkubali! Zumari ile inatoka ndani ya roho. Kwa jumla muziki wa kitoto, lakini una mwelekeo.

Sina muda zaidi, mambo ni mengi. Mzee Shaame wa Tumbe ananitaka kwenye maulidi yake ya mwezi wa Mfungo Sita, anasema bila ya mie Mtume hatoswaliwa ikasikika hadi Shumba. Niseme nini? Watu wananitegemea.

Bibi yako kishakufulia shuka za Agosti, na Agosti iko wapi.

Mjomba'ko,
Humoud

*

Ruwi
8 Juni 1997

Shikamoo mjomba,

Natumai mko salama. Nimefaulu! Tiketi imekatwa, nafika tarehe mbili Agosti, mwambie Bibi.

Mjomba, samahani kwa nitakalolisema, usinione sina adabu. Kwenye albamu ile hakuna zumari. Nimeirudia yote, hata nikamfanya mama asikilize, naye anasema hakuna. Na hayo ya kupikwa na kupashwa moto niliyaandika mimi. Labda ulikuwa na kazi nyingi.

Safari hii nakutumia mbili. Moja ni ya Ostrander, imetoka mwezi uliopita. Hawa wamebadilika, wameweka kinanda, na watu wamekasirika kama vile wameibiwa. Mimi naona kinanda kimewafaa, kimewalazimisha kutulia. Ila maneno ya nyimbo ni ya mtu aliyesoma kitabu kimoja. Usiipe zaidi ya sita kwa kumi.

Ya pili sikwambii neno. Sikwambii ni nani, sikwambii wimbo gani, ili usije ukanirejeshea maneno yangu. Juu yake nimeandika ROKI tu, kwa herufi kubwa, isije ikachanganyika na kaswida zako. Sikiliza. Ukiona upuuzi, niambie upuuzi. Sitakasirika, wallahi.

Mpwa wako akupendaye,
Muhannad

*

Wete
21 Julai 1997

Muhannad,

Asalaam alaykum. Hamjambo? Sie hatujambo.

Nakuandikia mbiombio. Safari yako iahirishe. Hewa ya huku siyo, mambo ya vyama yamechafuka, mtu akitoka nje hajui atarudi na meno mangapi. Kuna jambo dogo limetokea Tumbe, maadui zangu wamelikuza. Ukisikia lolote usilitie moyoni, maneno ya watu hayana mlango.

Mjomba'ko,
Humoud

*

Ruwi
15 Agosti 1997

Asalaam alaykum,

Abrahman amerudi. Amelieleza jambo la Tumbe dukani kwa baba, mbele ya watu, na watu wenyewe ni hao hao wa kwetu, wa Wete na Chake, kwa hiyo usiku huo Maskati nzima ya Wapemba ilikuwa inajua.

Amesema dua ya maulidi ilikwisha, sahani zikawa zinashushwa, na wewe ukawasha kaseti, watu wakila wasikilize kaswida. Ikatoka roki. Ikalia kijiji kizima, watoto wakakimbia, mzee mmoja akamwagikiwa na mchuzi, na vijana wa chama kile kingine wakaja na fimbo wakidhani wametukanwa. Hayo yote nilikuwa nacheka, mjomba. Nilikuwa nacheka mpaka Abrahman akasema ulivyosimama ukashika maikrofoni ukasema: "Jamani, mie sina kosa, ni mpwa wangu wa Maskati. Kanitumia akanambia kaswida, kumbe kanitilia mashetani. Mtoto kaharibika."

Baba hakunipiga. Alinipa nyundo, akanikalisha uani, akanambia nizivunje kaseti zangu mwenyewe, yeye amesimama. Nilizivunja zote. Kwenye maulidi yetu hapa sikupelekwa, mama alisema watu watatazama.

Nilimwambia baba kuwa Abrahman kaongeza chumvi, mjomba hawezi kusema vile, kaseti niliiandika ROKI kwa mkono wangu. Akanambia haya, piga simu. Nikapiga kwa jirani yenu Bi Kazija, akaenda kumwita Bibi. Nikamuuliza Bibi. Namsikia anavuta pumzi tu, mpaka simu ikakatika.

Basi nimejibiwa.

Muhannad

*

Wete
30 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Asalaam alaykum. Hujambo? Wazee hawajambo? Sie... tupo.

Barua yako nimeipata. Mwisho umeandika Muhannad tu, nadhani karatasi ilikwisha.

Mwanangu, weye mdogo, hujui mtu akisimama mbele ya watu mia tano wote wanamtazama, wenye shughuli na wasio na shughuli, huwa anakamata chochote kilicho karibu. Mtu anayezama hashiki anachokichagua. Na nilijua weye uko mbali, maneno hayatakufika. Maskati ni mbali. Nilidhani ni mbali.

Nikwambie na ya huku? Kazi hakuna. Chama hiki wanasema nilitumwa na kile, kile wanasema nilitumwa na hiki. Baada ya miaka yote wamepata jambo la kukubaliana. Nikipita na baskeli watoto wa skuli wananitikisia vichwa kama wendawazimu, "Roki! Roki!" Sokoni muuza dagaa kaniuliza: "Maalim Spika, za kwako nikufungie kwenye gazeti ama kwenye kaseti?"

Hayo nayameza. Lakini mama yangu, bibi yako, toka ile simu hanisemeshi. Chai ananiandalia, anaiweka, anakwenda zake. Juzi tu kafungua kinywa. Kasema: "Humoud, umemuuza mtoto kwa sahani ya pilau, na pilau yenyewe hukuila." Zile shuka kazikunja kaziweka juu ya kabati.

Mwambie baba'ko... Basi, usimwambie. Niandikie.

Mjomba'ko,
Humoud

*

Wete
29 Januari 1998

Muhannad mwanangu,

Idd njema. Abrahman kaja mara mbili mikono mitupu. Nilimuuliza kama ipo barua, akasema labda ijayo. Yeye hajui kuongopa vizuri.

Mjomba'ko,
Humoud

*

Wete
12 Julai 1998

Mpwa wangu Muhannad,

Asalaam alaykum. Hujambo? Hawajambo baba na mama? Bibi yako hajambo. Leo asubuhi kaniuliza kama nimelala salama.

Nilikwenda Tumbe kwenye maulidi. Sikualikwa. Spika mwaka huu zilikuwa za Kificho wa Shumba, kijana wa juzi, lakini kazifunga vizuri, sina la kusema. Mie nilikaa mwisho kabisa, penye viatu. Dua ilipokwisha nikainuka nikamwendea Mzee Shaame, mwenye shughuli, nikamwomba maikrofoni, nina maneno mawili.

Kanitazama juu mpaka chini. "Maikrofoni? Weye? Ya mwaka jana bado haijatutoka masikioni. Mdomo si unao? Sema na mdomo."

Watu wakacheka. Basi nikasema na mdomo. Mwanangu, miaka yote hii nimesema mbele za watu sijawahi kusema bila ya spika. Sauti yangu mwenyewe nilikuwa siijui. Kumbe nyembamba.

Nikasema, "Jamani, ile kaseti ya mwaka jana niliitia mie."

Nyuma huko: "Hatusikii!"

"Nasema, kaseti niliitia mie! Mpwa wangu hana kosa!"

"Nani kakosa? Sema tena, Maalim Spika, huku hatujapata kitu!"

Bibi mmoja wa hapo, Bi Zulekha, akainua kichwa upande wa wanawake: "Nyamazeni nyie! Mtu katembea kutoka Wete na mzigo, mwacheni autue!"

Wakanyamaza. Nikapiga ukelele mpaka wenye pikapu za samaki kule njiani wakageuka. Nikasema mpwa wangu Muhannad hakunidanganya. Kaseti kaiandika ROKI kwa herufi kubwa na mie kusoma najua. Nikasema nilimsingizia mtoto aliyenitumia zawadi, kwa kuogopa kuchekwa, na kwao akaadhibiwa. Nikasema mara tatu, kwa sababu ya hao wa nyuma.

Mzee Shaame akatikisa kichwa. "Haya, tumesikia. Lakini Humoud, nikuulize. Kwa nini hukuizima? Imelia hata wali ukapoa."

Nikamwambia jenereta. Nikamwambia waya ulinasa.

"Haya. Kaa ule," kasema. Nikakaa. Walionipisha kwenye sahani ni wa vyama vyote viwili, wala hawakusemezana, lakini kwenye sahani moja.

Abrahman alikuwepo. Nimemwapisha: aende akayaseme dukani kwa baba'ko, mbele ya watu wale wale, na asipunguze. Anasafiri Alkhamisi na barua hii. Sikuombi unijibu. Ukija, shuka zipo. Usipokuja, zipo vilevile.

Limebaki moja, hili sikulisema Tumbe, na Abrahman halijui. Jenereta haikuwa na kitu. Waya haukunasa. Mashine ilikuwa miguuni pangu, na kidole changu kilikuwa juu ya kifungo. Kaseti yako ile uliyoituma bila ya neno, jana yake nilikuwa naisikiliza chumbani, sikio kwenye spika, mlango nimeufunga, ndiyo maana ikabaki ndani ya mashine. Kuna wimbo pale unaanza na gita moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama ndiyo nyumba. Halafu la pili linamjibu kwa mbali. Halafu kimya, unasema basi, umekwisha. Hauishi. Sasa pale Tumbe wimbo ulikuwa umefika kwenye hicho kimya. Watu wamesimama, sahani ziko hewani, Mzee Shaame ananipungia mikono miwili, zima, zima wee! Nami ningeweza kuzima, mwanangu. Nilikuwa nangoja ngoma ziingie.

Mjomba'ko,
Humoud