Mrefu Tuliyemfuata Handeni

Jumamosi, 4 Aprili 1970

Suruali mbili za wanachuo leo, zote za kupunguza kiuno. Ama chakula cha chuo kimepungua, ama vijana wanasoma kupita kiasi.

Petro mwuza nyama kaja kunywa chai yangu, kama kila Jumamosi. Maneno ni yaleyale: mpira wa kikapu. Timu ya chuo chetu cha ualimu hapa Korogwe imefungwa tena. Vijana wana mbio, wana pasi, lakini wafupi. Mpira ukigonga ubao ukarudi, wageni wanauchukua juu ya vichwa vyao bila hata kuomba radhi.

Petro anasema dawa imepatikana. Alikwenda mnadani Handeni kununua ng'ombe, akapita kwenye kijiji kimoja cha ujamaa, akaona kijana anafunga fito za paa hali amesimama chini. Hana ngazi, hana kigoda. Nikamwambia nyumba ilikuwa fupi. Akaapa. Petro huuza mfupa kwa bei ya mnofu, kwa hiyo kiapo chake nimekipunguza nusu.

Hata hivyo kutwa nzima nimeshona huku nawaza. Mtu wa miaka arobaini na saba, baba wa watoto watano, nawaza urefu wa mtoto wa watu. Pindo la suruali ya Mwalimu Mkuu limekwenda upogo. Nimefumua.

Jumatano, 8 Aprili

Mwalimu Kiango, anayeifundisha timu, kapita dukani. Petro kumbe hakudanganya. Kijana anaitwa Salehe Mgaza. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, kikapu alijifunza shuleni. Alichaguliwa kuja hapahapa kusomea ualimu, hakuripoti. Baba yake alifariki, naye kabaki na mama, na mama ana shamba. Mkuu wa chuo amesema nafasi bado ipo, lakini mwisho ni muhula wa Mei.

Kibaya ni kwamba kampuni moja ya Tanga yenye timu imeshamfuata. Wanampa kazi, na kitanda cha kuchongewa kwa kipimo chake. Hicho kitanda kimeniuma. Sisi tutampa nini? Kitanda cha bweni, miguu ikae dirishani.

Benchi langu lilijaa washauri. Mmoja kasema tupeleke doti ya khanga. Mwingine mbuzi. Mwalimu Kiango akasema mama huyo amewajibu watu wa Tanga neno moja tu: fedha hailimi.

Petro akasema, "Basi twendeni tukalime."

Tulicheka. Kisha tukaanza kupanga siku.

Msaragambo, basi. Kwetu Bungu nyumba ikitaka kuezekwa watu wanakusanyika, kazi inaisha, wanakula, wanatawanyika. Kwa nini isiwe kwa ajili ya kikapu? Mama Zaina alinisikiliza hadi mwisho. "Baba Zaina," akasema, "kuna bustani hapo nyuma inakungoja mwaka wa tatu. Nayo irefuke ndiyo uione?"

Ijumaa, 24 Aprili

Tumefika kijijini kwa Salehe. Watu sita, majembe sita, mawili ya kuazima. Vumbi la njiani limenifanya mzee zaidi.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka kujua sisi ni nani na tumetumwa na nani. Petro akamjibu kwamba tumekuja kujitolea. Mwenyekiti akafurahi mno, akatuelekeza moja kwa moja kwenye shamba la kijiji. Tumepalilia hadi jua limezama. Shamba la Mama Salehe hatujaligusa. Viganja vyangu vimezoea sindano. Sasa vina malengelenge.

Salehe nimemwona. Nusu ya kiapo niliyoipunguza nimeirudisha. Alikuja kutuamkia, na akiamkia anakunja mgongo kwa heshima hadi uso wake unakuwa karibu na wako. Safari ndefu kwa shikamoo moja. Nikaona haya, nikaitikia marahaba mara mbili.

Jumamosi, 25 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Mama Salehe na mwanawe waliitwa asubuhi kwenye kazi za kijiji. Tukabaki wenyewe na shamba lake. Mwalimu Kiango akasema tulisafishe kama kiwanja. Tukalisafisha. Katikati ya mistari ya mahindi kulikuwa na majani mengi mabichi yamejiotea ovyo. Tukayang'oa yote, tukayarundika pembeni yakauke. Saa nane shamba lilikuwa mahindi na udongo mtupu. Petro akasimama mwisho wa mstari, mikono kiunoni, kama mtu aliyeiumba dunia.

Mama Salehe akarudi. Mwanamke mwembamba, si mrefu hata kidogo, hatua za haraka. Akatazama shamba. Akatazama lile rundo. Akasema maneno kwa Kizigua, majirani zake wakajifunika midomo kwa khanga. Mimi Msambaa, Kizigua nakisikia nusu. Nusu hiyo ilinitosha.

Yalikuwa mlenda. Ameuacha uote makusudi, ndiyo mboga yake, na mwingine huanika akauweka. Mwezi mzima wa mboga tumeumaliza kwa asubuhi moja, tena kwa kujitolea.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alitupikia ugali, akatuletea na chumvi. "Karibuni," akasema. "Mboga mnajua ilipo."

Tulikula hivyohivyo. Salehe alikaa nasi, akala chumvi kama sisi, akitazama chini. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Najiona mjinga. Habari imekwisha. Kitanda cha Tanga kimeshinda.

Jumapili, 26 Aprili

Haikwisha.

Asubuhi tunafunga mizigo, Mama Salehe akaniita mimi, labda kwa sababu nina mvi au kwa sababu nilikula chumvi nyingi kuliko wote. Nayaandika maneno yake niyakumbuke.

"Fundi, wale wa Tanga walikuja na gari, wakaongea wamesimama. Nyinyi mmekuja na majembe. Kulima hamjui, lakini mmekuja. Mtu asiyejua kuutenga mlenda na magugu hawezi kunidanganya, hana ujanja huo. Mchukueni akawe mwalimu, baba yake alitaka hivyo. Palizi nimeshapata, mmenipalilia mpaka basi."

Nikaanza kushukuru. Akanizuia.

"Mahindi yakikauka, namtaka. Mwaka jana ngedere na nguruwe walivuna kabla yangu. Nikituma neno, aje siku hiyohiyo. Si kesho yake. Na nyinyi msirudi hapa na majembe."

Nikasema nimekubali. Sikumwuliza Mwalimu, sikumwuliza Petro. Kwenye basi wameniimbia hadi Korogwe kama bwana harusi.

Alhamisi, 14 Mei

Salehe karipoti. Nimempima nguo za michezo. Nilimwambia asimame wima, akasema, "Mzee, nimesimama nusu, naogopa feni." Futi yangu ya kupimia imeanzia kisiginoni ikaishia kifuani. Nikaweka alama kwa chaki, nikapanda kigoda, nikaendelea. Futi sita na nusu na bado nywele.

Miaka ishirini na mitano kwenye cherehani, sijawahi kukata suruali ndefu namna hii. Nimeikata polepole. Nimefurahi kama nashona ya mwanangu. Mwanangu, kwa bahati mbaya, kanirithi mimi.

Jumamosi, 13 Juni

Mechi ya kwanza ya nyumbani. Nimefunga duka saa saba, wateja watajua wenyewe.

Sijui niandikeje. Harukiruki. Watu walitegemea vituko, naye hakufanya hata kimoja. Anasimama chini ya ubao, mpira ukirudi anaunyoshea mkono tu, taratibu, kama mtu anachukua kofia yake ukutani. Kisha anautoa. Hakai nao. Wafupi wetu, waliokuwa wanakimbia bure miezi yote, leo walipokea mpira mikononi wakiwa wazi, wakafunga wao. Salehe mwenyewe kafunga vikapu vichache. Kijana mmoja wa wageni alianguka, Salehe akainama kumwinua, mpira ukimpita. Mwalimu Kiango akashika kichwa. Mimi nikapiga makofi. Petro akaniuliza napigia nini. Nikazidisha.

Tumeshinda. Sauti sina.

Jumapili, 5 Julai

Tumeshinda tena jana. Petro sasa anasimulia kwamba ndiye aliyemzaa. Benchi halina nafasi, mteja akija anapimwa amesimama nje. Watoto mtaani wanatembea kwa vidole, kila mmoja Salehe.

Tarehe ishirini na tano inakuja timu ya ile kampuni ya Tanga. Hapa, kiwanjani kwetu. Korogwe nzima haizungumzi kingine.

Jumanne, 21 Julai

Utingo wa basi la Handeni kasimama mlangoni. "Fundi, Mama Salehe anasema mahindi yamekauka na ngedere wameanza." Kaondoka. Mimi na Petro tu dukani.

Petro akachungulia nje, akausogeza mlango. Kisha akasema huyu utingo husahau, angeweza kabisa kusahau hadi Jumapili. Nikamwambia hakusahau. "Basi tusahau sisi," akasema. "Siku nne, Fundi. Ngedere anakula kiasi gani kwa siku nne?"

Nimemkasirikia kwa sababu nilikuwa nimeanza kupiga hesabu hiyohiyo.

Jioni nikaenda chuoni. Nimezunguka kiwanja mara kadhaa kabla ya kumwita. Nikampa maneno ya mama yake kama yalivyoletwa. Akakaa kwenye jiwe ili tulingane.

"Mzee," akasema, "nicheze Jumamosi, niondoke Jumapili alfajiri. Nitavuna usiku na mchana."

Anataka kucheza. Nilidhani yeye ndiye atakayeniamulia, mimi niende zangu bila lawama. Wale watu wa Tanga wamesema mjini kwamba mrefu huyu hana roho ya mpira, ndiyo maana kakimbilia chaki. Ameyasikia. Nami nataka acheze kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo.

Nikamwambia, "Mama yako hakuniambia Jumapili."

Akatazama viganja vyake. Akaniuliza nilimjibu nini siku ile. Nikamwambia nilijibu nimekubali.

"Basi," akasema. Akainuka kwenda kumwomba Mwalimu Kiango ruhusa. Basi la mwisho alilipata.

Jumatano, 22 Julai

Nimelaumiwa tangu duka lilipofunguliwa. Mwalimu Kiango alitoa ruhusa, lakini kapita mlangoni kwangu bila salamu, mtu niliyemshonea suti ya harusi. Mmoja kasema nimeuza timu. Mwingine kasema tupeleke watu kumi wakavune badala yake. Petro akamjibu, "Mama huyo ametuona tukifanya kazi. Atachagua ngedere."

Wamecheka kidogo. Mimi pia. Moyo mzito hata hivyo. Mtu hawezi kuazima mtoto kwa mama yake kwa neno, kisha neno lenyewe alivunje.

Mama Zaina kaniwekea chai, kasema, "Leo umerefuka." Nikadhani ananitania. Hakucheka.

Jumamosi, 25 Julai

Tumefungwa.

Vijana wamepigana. Sijawaona wakicheza vile. Hadi mapumziko tulikuwa sawa nao. Kisha mpira ukawa unarudi kutoka ubaoni na hakuna mkono. Kila uliporudi, watu walinitazama mimi, si kikapu. Nimejifanya nafuta miwani. Bila miwani sioni kitu, afadhali.

Mwisho nahodha wa Tanga aliuliza yuko wapi yule mrefu. Nilidhani Mwalimu Kiango atatoa udhuru, ugonjwa au nini. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Anamvunia mama yake mahindi." Wale vijana wa Tanga hawakucheka. Mmoja wao akauliza kama ni Handeni upande gani, kwao ni hukohuko.

Mwalimu kaniaga kwa mkono.

Jumanne, 28 Julai

Salehe karudi kwa basi la jioni. Kapita dukani kabla ya kwenda bwenini. Viganja vimechanika kwa maganda ya mahindi, shingo imeungua. Nikamwuliza hali ya mama.

Mzima. Mahindi yameingia ndani yote. Ameuliza tulifungwa ngapi.

"Alijuaje kama tumefungwa?"

"Hakujua. Alisema kama nisingekwenda, mngeshinda. Nilikwenda, kwa hiyo mmefungwa."

Nikamtajia idadi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema mama yake ana swali kwa walimu wote wa chuo, watu waliosoma: kwa nini wanapanga mechi kubwa wakati mahindi yako shambani?

Nimemwahidi nitalifikisha kwa Mwalimu Kiango kesho.

Suruali yake ya michezo ilikuwa imeachia mshono pembeni. Nikaishona pale pale, akingoja, ameinamia meza. Alipoichukua akaniaga, na baada ya muda nikasikia mpira unadunda kiwanjani, mmoja, peke yake. Unadunda, unanyamaza, unadunda. Nikafunga madirisha, nikaacha mlango wazi kwanza, niusikie.